Nani Kamnywesha Saaral

Sajini Dolgor alifika kambini kwa Mzee Yondon kwa pikipiki, kofia ya kazi ameifunga kidevuni kwa kamba ya kiatu ili upepo usiichukue, na kabla hajazima injini alikuwa ameshapewa jina la mhalifu.

"Gombo!" Yondon alifoka kutoka kwenye kamba ya farasi. "Usishuke, Afande. Geuza hiyo pikipiki ukamkamate Gombo."

"Kafanya nini?"

"Kamfungua farasi wangu. Nimekwenda kwenye kupandisha bendera, narudi, nakuta fundo si langu."

Dolgor alishuka hata hivyo. Kila sikukuu ya Naadam, sikukuu ya mbio za farasi, lazima mtu amshitaki jirani kwa kumtazama vibaya farasi wake, na kwa kawaida shauri huishia kwenye bakuli la maziwa ya farasi yaliyochachuka, wazee wawili wakiliana mabegani. Alitegemea la leo liwe hivyo hivyo. Kisha akamwona Saaral.

Farasi mwenyewe alikuwa wa kijivu, si mkubwa, amefungwa kwenye kamba iliyovutwa juu kati ya nguzo mbili. Mkia ulikuwa umekazwa kwa ukanda wa ngozi, nywele za utosini zimesimamishwa kwa utepe mwekundu, tayari kwa mbio za farasi wakubwa. Misimu miwili mfululizo hakuna farasi aliyemwona Saaral isipokuwa kisogoni. Dolgor alimtazama akaona wivu, wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Marehemu baba yake alifundisha farasi maisha yake yote, na kila Naadam alirudi nyumbani na vumbi la farasi wa Yondon kwenye nyusi.

Yondon aliona anavyotazama. "Au ni wewe? Maana mwenye sababu si Gombo peke yake."

"Ningekuwa mimi ningemchukua moja kwa moja, Mzee. Nimrudishe ili iweje?"

Yondon alicheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Dolgor alilishika lile fundo. Lilikuwa fundo la kawaida, la mtu yeyote aliyezaliwa katika bonde hili, ila ncha ya kamba ilining'inia nje.

"Mimi naiingiza ndani," Yondon alisema. "Umeona? Si mkono wangu."

"Naona pia kafungwa juu sana. Kichwa hakifiki kwenye majani."

"Ndivyo anavyofungwa."

"Ndivyo wewe unavyomfunga. Mtu aliyekuja kumharibia farasi wako, ana haja gani ya kuangalia asile majani?"

Yondon alitema mate pembeni. Dolgor alipiga magoti akapapasa miguu ya farasi. Nywele za juu ya kwato zilikuwa zimelowa na kushikana.

"Miguu imelowa, Mzee."

"Umande."

"Umande gani na jua hili?"

"Alikuwa kivulini."

"Kivuli cha nini?" Dolgor aliuliza, na yeye na mzee wote wawili wakatupa macho bondeni, ambako hakukuwa na mti hata mmoja mpaka kwenye milima.

"Alikwenda mtoni," Dolgor alisema. "Na farasi aliyenyimwa maji na majani siku zote hizi ili akimbie mwepesi, akifika mtoni haendi kunawa uso."

"Hakunywa!" Yondon aligonga nguzo kwa mjeledi wake. "Namjua Gombo. Kamzungusha, kamshika shingo, kamwibia bahati, basi. Saaral anakimbia leo. Akishinda leo tunakwenda mkoani, tukitoka mkoani tunakwenda mji mkuu, na hamtaniona hapa mpaka majani yabadilike rangi. Nimekuita umkamate mtu, sikukuita unipangie mbio."

Mlangoni mwa hema alisimama Mama Handa, mkewe, na ndoo ya maziwa mkononi. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho wa maneno hayo, akageuka akarudi ndani.

Dolgor aliinuka akipangusa magoti. Tumbo la Saaral lilikuwa limejaa au halikujaa? Hakuweza kusema, hakumwona jana, na matumbo ya farasi hayafanani. Daktari wa mifugo alikuwa ameshakwenda mahali pa kuanzia mbio, ng'ambo ya milima. Sheria haikumpa polisi mamlaka juu ya tumbo la farasi. Wa kumtoa mbioni ni mwenyewe tu, na mwenyewe alikuwa ndiye huyu. Wakati huo Ninjin, mjukuu wao wa kike ambaye ndiye humpanda Saaral mbioni, alikuwa amekaa juu ya gurudumu la mkokoteni akijaribu kofia yake ngumu. Kama Saaral alikunywa akashiba, angepasuka moyo akiwa na mtoto yule mgongoni. Aliyemfungua ndiye pekee aliyejua. Ilibidi apatikane kabla farasi hawajaondoka kwenda kwenye mstari wa kuanzia, na huko mbali vipaza sauti vilishaanza kuwaita watu wajiandae.

"Kamwone Gombo," Yondon alisema.

"Nakwenda."

*

Gombo alikuwa amekunja mikono ya joho lake la kijani, anamkwaruza farasi wake mweusi shingoni kwa kucha, na midomo yake ilikuwa inamnong'oneza farasi maneno matamu ambayo wake za watu wengi hawajawahi kuyasikia. Alipoona sare akanyamaza.

"Umekuja kwa ajili ya yule mzee," alisema.

"Ulikwenda kwake asubuhi?"

"Nani kasema?"

"Buti zako, Bwana Gombo. Lile tope la majivu lipo mahali pamoja tu, nyuma ya kamba yake, wanakomwaga majivu ya jiko."

Gombo alizitazama buti zake kana kwamba zimemsaliti. Akatoa kichupa cha ugoro, akanusa, akapiga chafya, akajifuta. Dolgor alimwacha. Mtu anayenusa ugoro kwa muda mrefu namna ile huwa anatafuta uongo au anatafuta ujasiri.

"Nilikwenda," alisema mwishowe. "Jua halijagusa paa la hema. Wote wamelala."

"Kufanya nini?"

"Kutazama."

"Kutazama nini?"

"Afande, kuna watu wanatusikia." Kweli, vijana wake wawili walikuwa wamesimama nyuma ya farasi, masikio yamesimama. Gombo alishusha sauti. "Mavi."

"Sema tena?"

"Mavi yake! Mavi ya Saaral! Nilikwenda kutazama mavi ya farasi wa mwenzangu, haya, nimesema, nifunge!"

Vijana walicheka mpaka farasi mweusi akashtuka. Dolgor hakucheka. Baba yake alikuwa akifanya hivyo hivyo, alfajiri, akijifanya anatafuta kondoo aliyepotea. Mfunzi hana njia nyingine ya kujua farasi wa mwenzake yuko tayari kiasi gani.

"Yalikuwaje?"

Uso wa Gombo ulikunjamana. "Mazuri. Mungu anisamehe, mazuri mno. Madogo, makavu, yanang'aa. Na tumbo limeingia ndani, mbavu unaweza kuzipigia muziki. Afande, nilisimama pale nikataka kulia. Huyu wangu nimemhangaikia tangu theluji iyeyuke, halafu yule mzee anafanya vile kama anachemsha chai! Nimemwonea wivu mpaka tumbo limeniuma. Nikarudi zangu."

"Alikuwa amefungwa kwa fundo gani?"

"Fundo lake. Ncha ndani. Anajidai hata kwenye fundo."

Dolgor alilichukua hilo akaliweka moyoni. Alfajiri farasi alikuwa hajanywa na fundo lilikuwa la Yondon. Basi alitolewa baadaye, jua limeshatoka, mahema yote yako wazi na watu wanapita. Gombo asingeweza kumpitisha Saaral mbele ya kambi nzima mchana kweupe. Angepigiwa kelele kabla ya hatua ya kumi.

"Na nikikwambia kanyweshwa maji?"

Kwanza Gombo alitabasamu. Lilimtoka lenyewe, hakuweza kulizuia. Kisha tabasamu likafa, na hasira ikapanda shingoni.

"Nani?" alisema. "Nani kafanya hivyo? Mimi nimemsubiri yule farasi miaka, nimshinde mzima, mbele ya watu, na Yondon akiwa anatazama! Nikimshinda mgonjwa nitamwambia nani? Watasema Gombo kashinda ndoo ya maji!" Akamshika Dolgor kiwiko. "Na akikimbia, Afande? Na maji tumboni, joto hili? Hafiki nusu ya njia. Mwambie yule mpumbavu."

"Nimemwambia."

"Mwambie tena!"

*

Hakwenda kumwambia tena. Alizunguka hema la Yondon kwa nyuma, upande wa kaskazini, ambako watu hawapiti kwa heshima ya wanaokaa ndani. Nyasi za huko zilikuwa bado zimesimama. Katikati yake kulikuwa na sehemu iliyolowa, na juu ya majani povu jeupe lililoanza kukauka, limechanganyika na nywele fupi za kijivu.

Dolgor alichuchumaa kwa muda.

Lilikuwa jasho la Saaral, limekwanguliwa. Mtu alimpanda mpaka mtoni, akarudi naye anatoka jasho, akalikwangua kabla halijamgandia mgongoni. Na hakulimwaga mahali pa kukanyagwa. Alilileta huku, kwenye majani safi, kama linavyowekwa jasho la farasi wa mbio na watu wanaomthamini. Mwenye chuki hufungua farasi, humnywesha, humwacha. Huyu alimharibia farasi mbio zake, kisha akamtunza, akamfunga juu asile majani tumbo lisizidi kumuuma. Mikono yake ilikuwa imezoea mno.

Aliingia ndani kwa kupitia mlangoni, mguu wa kulia kwanza, asikanyage kizingiti.

Mama Handa hakushangaa. Alimimina chai ya maziwa yenye chumvi, akamsogezea na sahani ya maziwa makavu yaliyokatwa vipande. Alikuwa mwanamke mwembamba, nywele nyeupe zimefungwa kwa kitambaa cha bluu.

"Kunywa, mwanangu. Umemkamata Gombo?"

"Bado, mama. Gombo alikuja kutazama mavi."

"Huwa anakuja. Na sisi huenda kwake." Alitabasamu kidogo. "Zamani nilikuwa natumwa mimi, maana mwanamke hashukiwi."

Dolgor alikunywa chai huku akizungusha macho. Kwenye ukuta, upande wa heshima, juu kuliko kichwa cha mtu, ulitundikwa ubao wa kukwangulia jasho, mweusi kwa uzee. Ulikuwa wa babu yake Yondon. Ukingo wa chini ulikuwa na unyevu, na tone moja lilikuwa limeteremka kwenye kitambaa cha ukutani likaacha alama.

"Mama, wakati wa bendera ulikuwa hapa?"

"Mimi huwa hapa. Bendera inapanda bila mimi."

"Ulimwona mtu kwenye kamba ya farasi?"

"Yule farasi ana walinzi kuliko mtoto wa mfalme. Muulize mlinzi mwenyewe."

"Anampenda sana."

"Kumpenda?" Mama Handa aliweka birika chini kwa nguvu kidogo. "Akikohoa usiku, mzee anaamka. Mimi mwaka jana nimekohoa majira yote ya baridi, kaniambia nigeukie upande wa pili. Asubuhi hajanywa chai, hajasema na mtu, kwanza anakwenda kumnusa paji la uso, kama tunavyowanusa watoto wetu kwa mapenzi. Kila asubuhi! Mimi mara ya mwisho kuninusa shavu ni Mwaka Mpya, tena kwa sababu wageni walikuwa wanatazama." Akacheka, ila cheko halikufika mbali. "Kula, mwanangu. Hujala kitu."

"Nimesikia ulimlea wewe. Saaral."

"Mama yake alikufa kwenye theluji. Nikamlaza hapo ulipokaa, karibu na jiko, nikamnywesha kwa chupa. Alipokua akawa ananifuata mpaka kisimani, ananivuta mkanda kwa meno. Siku hizi nikipita ananitazama kama jirani." Alichukua kitambaa akaifuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Msifu wa farasi anapomsifu mshindi hutaja farasi, hutaja mfunzi. Sijasikia akitaja chupa."

Dolgor aliweka bakuli. "Mama, alikunywa kiasi gani?"

Kitambaa kilisimama.

"Sijui unasema nini, Afande," Mama Handa alisema. Alikuwa amemwita mwanangu mara zote mpaka hapo.

"Kuna mtoto atampanda."

"Mwenye farasi yuko nje. Yeye ndiye mwenye macho."

Hakusema zaidi. Dolgor angeweza kumwonyesha ule ubao, angeweza kumwambia habari za majani ya nyuma, na angejibiwa kwamba ubao ulioshwa na jasho lilikuwa la jana. Kambi nzima ilikuwa nje, na aibu ya kusema ilikuwa kubwa kuliko mlango ule mdogo. Alitoka akiwa na hakika ya nani, bila hakika ya kiasi gani, na hicho cha pili ndicho kilichohitajika.

Kilikuwepo kitu kimoja bado. Alikwenda akasimama mahali ambapo mama mwenye nyumba husimama watu wanapoondoka, akasubiri.

*

Watoto wapandao farasi walianza kuimba, wakizunguka taratibu, sauti zao nyembamba zikipanda moja baada ya nyingine. Yondon alimtandika Saaral tandiko jepesi, akaukaza mkanda wa tumbo. Dolgor aliona ameukaza kwa tundu la nje zaidi ya lile lenye alama ya kuzoeleka. Yondon naye aliliona. Alisita, akalipitishia kidole, akalifunika kwa pindo la tandiko.

Ninjin alipandishwa. Gombo, juu ya pikipiki ya mwanawe, farasi wake mweusi akiwa mbele na mpandaji wake, alisimama pale pale njiani akagoma kuendelea.

"Yondon! Usimpeleke!"

"Unaogopa?"

"Naogopa, ndiyo! Mtoe!"

"Kula vumbi, Gombo," Yondon alisema. "Handa! Maziwa! Tunachelewa."

Mama Handa alitoka na ndoo na mwiko wa mbao wenye matundu. Katika maisha yake yote ya ndoa hakuna aliyeondoka kambini pale, mtu wala mnyama, bila yeye kumrushia maziwa nyuma yake ili aende na arudi salama. Alisimama karibu na Dolgor bila kumtazama. Alichovya mwiko, akauinua.

Saaral alianza kutembea.

Mwiko ulibaki juu. Maziwa yalidondoka kupitia matundu, yakalowanisha buti zake, na mkono haukurusha. Watu walianza kugeuka. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Kuna nini?"

"Handa!" Yondon aliita bila kugeuka. "Rusha!"

"Mama," Dolgor alisema polepole, "ukirusha hayo unamwombea arudi. Je, atarudi?"

Mama Handa aliushusha mwiko.

"Mteremsheni mtoto," alisema. Kisha akapiga kelele, na sauti ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. "Yondon! Mteremshe mtoto! Kanywa!"

Uimbaji ulikatika. Yondon alishika hatamu, Saaral akasimama. Dolgor tayari alikuwa amefika, akamwinua Ninjin akamweka chini.

"Kanywa kiasi gani?" Yondon aliuliza.

"Mpaka akainua kichwa mwenyewe."

Gombo, juu ya pikipiki, alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa.

"Wewe?" Yondon alisema. "Wewe ndiye uliyempeleka?"

"Mimi. Nilijua utarudi utamwona. Nikasema utaona tumbo, utapiga kelele siku nzima, utamfungulia malishoni, tutakaa nyumbani kiangazi kimoja, mimi na wewe kama watu wengine. Hakuna kitu cha huyu farasi kinachokupita! Leo ndiyo siku uliyoamua kuwa kipofu."

"Mbele ya watu wote, Handa."

"Ndiyo, mbele ya watu! Nilimlea mimi, ukamnyakua. Nikasema sawa, ni farasi. Halafu na yeye akakunyakua wewe. Nawaonea wivu wote wawili, na sijui nianze kumchukia yupi, na siwezi hata mmoja!"

Huko mbali kipaza sauti kiliita farasi wakubwa waondoke, na farasi wa watu wengine wakaanza kupita pembeni, wakitazama. Dolgor alimwona Yondon ameshika mjeledi, akasogea nusu hatua katikati yao.

"Unataka niandike mashitaka, Mzee?"

Yondon aliuangusha mjeledi. Alifungua mkanda wa tumbo, akalitoa tandiko, akalitupa kwenye majani pamoja na msimu wake mzima. Akaja mbele. Mama Handa alisimama njiani kwake, uso umeinuliwa, kitambaa cha bluu kimelegea, na kwa kitambo kidogo kila mtu alidhani anakuja kwake.

Alimpita. Alikishika kichwa cha Saaral kwa mikono miwili, akaweka pua yake kwenye paji la uso la farasi, akavuta pumzi ndefu kama tunavyowanusa tuliokaribia kuwapoteza.

Mama Handa aliwatazama, mwiko bado mkononi.

"Umeona?" alimwambia Dolgor. "Hata sasa kaanza na yeye."